Doa la Tatu

...ni yake au si yake, hilo ndilo swali, na lingekuwa swali jepesi kama Bwana Arriola angeacha kugongagonga kalamu mezani, tok, tok, tok, kijana mzima wa ofisi ya mashtaka, katoka mji mkuu na shati lake jeupe, hajui kwamba ukimgongea mtu kalamu hivyo hawezi kufikiri, na Tomasa Ixcoy anataka kufikiri, anaitazama karatasi iliyosukumwa mbele yake, jina lake limeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, Tomasa Ixcoy, muuza tortilla, soko la Totonicapán, na mbele ya jina badala ya saini kuna doa jeusi, tena si moja, mawili yaliyogusana, "Mtaalamu wetu amelipima, mama, halina mstari hata mmoja, kidole cha binadamu kina mistari, hili limepigwa kwa kizibo cha chupa," anasema polepole kama anayemlisha mgonjwa uji, na Tomasa anaitikia kwa kichwa, maana ni kweli, kidole cha binadamu kina mistari, nani atabisha, na huku chini ya meza anakisugua kidole gumba chake kwenye sketi, laini, laini kabisa, kama kijiko... na kijana anaendelea, kwamba yeye Tomasa hana kosa, yeye kaibiwa jina, wenye kosa ni watu wa Chama cha Mtungi waliokisajili kwa alama za vidole za uongo, mia nne hizi katika wilaya hii peke yake, aseme tu kwamba si yake aende zake sokoni, na hakimu atakifuta chama, na Tomasa aliuliza tangu alipoingia, kwa adabu, kwamba chama kilishashinda uchaguzi Agosti, Januari kinaapishwa, sasa kikifutwa kura zetu zinakwenda wapi, kijana akajibu kwamba hayo ni ya wakubwa, mama, usijichoshe... ajichoshe, yeye aliyetembea kwenda kupiga kura na goti hili bovu, akapanga foleni kwa saa tatu nzima nyuma ya mwanamume anayenuka vitunguu, leo aambiwe asijichoshe.

Lakini meza, ee, meza yake sokoni, karibu na mlango ambapo watu wote hupita, meza aliyoachiwa na mama yake, jana Eliseo msimamizi wa soko alikuja akasimama pale, akala tortilla mbili, mikate yetu hii ya mahindi, kwa chumvi, akafuta midomo, akamwambia, "Dada Tomasa, wewe sema si yako, yaishe, meza yako ipo palepale," na ukiona mtu amekuja kukuhakikishia kwamba meza yako ipo palepale, basi ujue imeshaanza kutembea, alitaka kumwambia hivyo, hakuthubutu, alimfungia nyingine mbili akaondoka nazo, na usiku mzima... hapana, asiseme uongo, alilala, alichoka, ila aliamka na jibu mdomoni, si yangu, si yangu, akalifanyia mazoezi akiosha mahindi, miaka arobaini mahindi yaleyale, unayachemsha na chokaa mpaka ganda liachie, unayasugua kwa mikono, unayasaga, unayapiga viganjani, unayageuza kwenye bamba la udongo linalowaka kwa vidole vitupu, chokaa inakula na moto unakula, na siku moja unajitazama kidole, mistari imekwenda, hukuiaga, kama siku ile ya kitambulisho, karani alimkandamizia kidole kwenye kioo mara tatu, mashine ikakataa mara tatu, akapaza sauti foleni nzima isikie, mama, wewe huna vidole? akamwambia apake mafuta apumzike kazi wiki moja arudi, wiki moja, na watoto wangu wale nini, kioo, mwishowe akaandika nyuma ya kitambulisho kwamba alama haisomeki, na Tomasa akatoka pale kajikunja kwa aibu... kitambulisho chenyewe hicho hapo, chini ya kiwiko cha Bwana Arriola, kimelala uso juu, hajakigeuza, "Unanisikia, mama?" anasikia, anasikia.

Na kosa ni la mvua, kama si mvua asingetia kidole, Yesenia yule binti wa chama alikuja mezani kalowa chapachapa, shuka lake kazifunikia karatasi, zenyewe kavu, yeye anatetemeka, akasema, mama, wanasema huku milimani hakuna watu wanaotutaka, nahitaji watu, Tomasa akamwambia mimi karatasi sitii kidole, mwanangu, kula upate joto, maana mama yake alimwapisha, Tomasa, kidole chako ni cha unga, si cha karatasi, kwa sababu ya baba, Sebastián Ixcoy, aliyetia kidole kwenye orodha ya ushirika wa mahindi mwaka wa themanini na moja, hakujua kuandika, akatia kidole, na askari wakaja na orodha ileile mkononi, wakawasimamisha watu uwanjani mmojammoja, hii ni yako? na wenzake wakasema si yangu, bwana, si yangu, naye akasema ni yangu, wakaondoka naye mpaka leo, na mama akamkasirikia mpaka anaingia kaburini, angesema si yangu, ingemgharimu nini, maneno mawili tu, na Tomasa kakua na hasira hiyo kama kakua na ndugu... halafu mbona alitia, alitia kwa sababu binti alikula tortilla ile amesimama, akazigeukia karatasi kuzikagua kwanza kabla hajajifuta uso, basi akatia, likatoka doa, Yesenia akasema jaribu tena, mama, halijaonekana, likatoka doa la pili, wakaangaliana, wakacheka mpaka jirani wa maharagwe akauliza kuna nini, na leo doa la kwanza na la pili haya hapa, yamegusana, nani mwingine angejua kuna mawili... kizibo cha chupa. Kizibo cha chupa kicheke hivyo?

Tok, tok, na nyuma ya kalamu, dirishani, kuna sauti nyingine, watu wetu wameifunga barabara, wiki ya nne hii, wazee wa mitaa yote wamesimama na fimbo zao za uongozi, wanawake wanapika, yeye mwenyewe hupeleka kikapu kila siku, wanasema kura ni zetu na hatuondoki, na hapo mlangoni kwenye benchi wamekaa wenzake kumi na mmoja wanaongojea kuitwa, wauza tortilla wote, vidole vyote laini, walimsukuma mbele, tangulia wewe, Tomasa, tutakalosikia umesema ndilo tutakalosema... mia nne, kumbe, hao ndio mia nne, si vizibo, ni sisi, na baba, masikini baba, hakuwa mjinga, mama yangu, alikuwa peke yake tu, siku ile uwanjani alikuwa peke yake na kidole chake, ndiyo tofauti, na hasira ile anaitafuta kifuani mahali ilipokaa miaka yote haioni, ameikosa, na goti halimuumi, na meza, meza ni mbao, Eliseo akiihamisha, wanawake kumi na wawili wataibeba kuirudisha, "Mama, nauliza mara ya mwisho, hii alama ni yako au si yako," na Tomasa anautoa mkono chini ya meza, anauweka juu ya karatasi, kidole gumba kikitazama dari, kando ya madoa mawili.

"Ni yangu," anasema. "Geuza hicho kitambulisho usome nyuma. Halafu fungua kikopo cha wino, mwanangu, nikuwekee la tatu."

Si kwa ukali, ni sauti ileile ya kumwambia mteja angoje ziive, na kijana hajageuza kitu, hajafungua kitu, kalamu tu imeacha kugonga, na Tomasa anangoja, mkono ukiwa wazi mezani, haraka hana.