Usiseme Nzuri

Niliteleza kwenye sakafu yenye maji katika duka moja kubwa hapa Hillbrow, nikaumia kiuno. Tangu hapo siwezi kukaa kwenye cherehani, nami ni fundi nguo. Nikalishtaki duka.

Wakili wangu, binti Mkenya aitwaye Keziah, akaniita ofisini. Kesho yake wakili wa duka angenihoji baada ya kunilisha kiapo, kwa hiyo tulifanya mazoezi. Keziah akajifanya ndiye yule wakili.

"Habari za leo, mzee?"

"Nzuri sana, binti yangu. Mzima kabisa, namshukuru Mungu."

Akaweka kalamu chini. "Mzee Mulamba! Kesi umeshaipoteza, na hata sijauliza swali."

"Mtu akinisalimia nimlilie? Nimesoma shule ya usiku mimi. Nina adabu."

"Adabu iache mlangoni. Tena. Habari, mzee?"

"Nz..." Nikang'ata ulimi. "Mbaya! Kiuno kinauma, cherehani imejaa vumbi!"

"Hapo sawa!"

Nikatoka nikijivuna. Mlinzi wa mlangoni, Pitchou, akanisalimia.

"Habari, mzee?"

"Mbaya!"

"Pole! Na mama nyumbani?"

"Mbaya kabisa!"

Keziah akatoa kichwa dirishani. "Mzee, mkeo hatumshtaki!"