Shangazi Aliyezunguka Matofali

Arudi wapi, mtu ambaye hakutoka? Hilo ndilo swali Zulaika alilokuwa akiyauliza masufuria tangu asubuhi, maana katika nyumba ile nzima hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Uani kwa mdogo wake Abdul-Latif, pale Kyebando, turubai lilikwisha kufungwa, fundi wa spika anapuliza kipaza sauti, mbuzi wanatafuna majani ya migomba nyuma ya choo. Bibi harusi ni Sumayiya, binti pekee wa Abdul-Latif. Na shangazi mtu, ambaye kwa desturi ya sisi Wanubi ndiye wa kwanza kuitwa na wa mwisho kuondoka, amekalishwa jikoni kumenya vitunguu kama mpishi wa kukodi.

Kisa ni picha. Picha moja tu ya simu, jamani.

Pichani Zulaika ameinama mbele ya mnara mkubwa wa matofali, mkono mmoja umeshika jiwe lililochongwa maua, shingoni ana kitambaa cheupe cha hariri. Nyuma yake watawa wa Kibuda wamefumba macho na kukutanisha viganja. Ukiitazama haraka haraka utasema anasujudu. Na aliiweka yeye mwenyewe kwenye wasapu yake, kwa furaha, akiamini kila mtu ataona alichokiona yeye. Ikatembea. Ilipofika Kansanga, nyumbani kwa Haji Dawudi, baba wa bwana harusi, swali likarudi Kyebando limevaa viatu: ni kweli shangazi wa binti yenu huenda India kuabudu masanamu?

Abdul-Latif angeweza kulijibu kwa maneno machache tu. Alijua pale ni wapi, na dada yake alifuata nini. Lakini ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi, yumo kwenye kamati ya msikiti, na jina lake analitunza kuliko macho yake. Akajibu kwamba aachiwe yeye, dada yake atarudishwa. Siku ya moshi, bibi harusi anapofukizwa manukato, mbele ya wazee wa pande zote mbili, Zulaika atasimama atamke shahada upya. Mpaka atakapofanya hivyo, mkono wake usimguse bibi harusi.

Shahada! Kama kwamba shahada ni mzigo. Zulaika anaitamka katika kila tahiyatu, tangu meno ya utoto hayajamtoka, na huyo Abdul-Latif alifundishwa na yeye, akiwa amembeba mgongoni akitwanga. Kuitamka si kazi. Kazi ni kuitamka kwa kipaza sauti, watu wakiitikia, halafu mwanamke wa miaka yake ageuke kuwa aliyeritadi akasamehewa. Atakapokufa, mtu atakumbuka tu kwamba aliwahi kutoka. Nani angekubali?

Utasema, basi si angeeleza ukweli yakaisha? Angeeleza. Tatizo ni kwamba ukweli haukuwa wake peke yake.

Sumayiya alizaliwa mzima, kisha homa za utotoni zikamharibia mlango mmoja wa moyo. Alipokuwa msichana mkubwa akawa hawezi kupanda kilima kutoka Kalerwe bila kusimama mara kwa mara, ameshika kifua, midomo imekuwa ya kijivu. Mwaka juzi madaktari wakasema apelekwe India. Abdul-Latif akaogopa: nani ataoa msichana aliyepasuliwa moyo? Watasema hatabeba mimba, watasema tunauza mali mbovu. Akatunga uongo wake. Ikatangazwa kwamba mgonjwa ni Zulaika, mgongo unamsumbua, na mtoto amekwenda kumshika mkono. Zulaika akakubali, kwa kumpenda mtoto. Na waliporudi, kila mgeni alipopiga hodi ilimbidi ajipinde na kugumia, yeye ambaye mgongo wake ni mnyoofu kama mwiko. Hakuna aliyemwambia ahsante.

Huko India Sumayiya alilazwa katika mji wa Varanasi, hospitali ndogo iliyojaa joto. Kitanda cha pili alikuwepo bibi mmoja kutoka milimani, jina lake Dolma, miguu imevimba, mkononi tasbihi haimtoki. Hawakuwa na lugha hata moja ya kusemezana. Wiki ile Sumayiya alipotoka kupasuliwa, Zulaika alishikwa na homa akaanguka kwenye ngazi, akalazwa yeye pia, wodi ya chini, hana fahamu. Aliyeketi na mtoto ni Dolma. Alijikokota na miguu yake ile, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akamfuta jasho, akampangusa alipotapika. Zulaika alipozinduka akamkuta bibi wa watu amelala ameketi, kichwa kwenye kitanda cha Sumayiya.

Mtu wa namna hiyo ukimuuliza unataka nini, akakuonyesha kidole nje ya dirisha, utafanyaje? Binti yake Dolma, aliyejua Kiingereza, akafafanua. Kando ya mji kuna mahali panaitwa Sarnath, ambapo Buda wao alihubiri mara ya kwanza zamani sana, kabla ya Nabii Isa kuzaliwa. Mama yake alikuwa ametoka milimani ili auzunguke mnara wa pale kabla hajafa, sasa miguu imegoma. Zulaika akasema mimi nina mikono.

Wakaenda. Sumayiya alikaa kwenye majani, anavuta pumzi ndefu bila kushika kifua. Langoni Dolma alimvika Zulaika kile kitambaa cheupe, ndiyo heshima ya kwao. Zulaika akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kuuzunguka mnara, na ulimi wake wakati wote ule unasema alhamdulillah, alhamdulillah, kwa ajili ya mtoto yule pale majanini. Gurudumu likanasa kati ya matofali. Akashika jiwe kwa mkono mmoja, akainama kulinasua kwa mwingine. Binti wa Dolma alikuwa upande wa pili. Akapiga picha, kiti hakionekani. Ilipofika alasiri Zulaika alitandaza shali yake chini ya mti akaswali, na wale watawa, naapa, walizunguka mbali wasije wakampita mbele. Ya hapo hakuna aliyepiga picha.

Haya ndiyo aliyokuwa nayo kifuani siku ile, na kisu mkononi, na vitunguu.

Baada ya adhuhuri wageni wa Kansanga wakaingia. Wanaume wakaketi chini ya turubai na Haji Dawudi katikati. Wanawake wakaja na ngoma na mafuta, wakiongozwa na Hajati Fatumah, dada yake Haji, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mzito wa mwili na wa neno. Chumba cha nyuma moshi ulikuwa tayari. Huu moshi wetu kila mtu anaujua: kishimo cha makaa, kuni za mgunga na manukato juu yake, mkeka uliotobolewa katikati. Bibi harusi hukaa pale, blanketi mpaka shingoni, mpaka ngozi inywe harufu. Na anayemtia humo ni shangazi yake.

Abdul-Latif akamwita dada yake uani, kanzu yake nyeupe haina kunjo hata moja, kipaza sauti mkononi. Akasema maneno mengi kuhusu rehema, kuhusu ndugu kumrudisha ndugu. Kila neno lilimchoma Zulaika, na kilichomchoma zaidi ni ile sauti ya upole. Kisha akamnyooshea kipaza sauti. Zulaika hakukipokea.

"Mimi sijatoka popote," alisema, na turubai zima likasikia. "Aliyetoka ndiye arudi."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema astaghfirullah. Haji Dawudi akatazama viatu vyake, maana kwa kweli yeye aliuliza swali tu, hakuomba tamasha. Abdul-Latif, uso umemuiva, akatangaza kwamba basi dada yake amechagua mwenyewe, moshi utafanywa na mwingine.

Hajati Fatumah akasimama, akajifunga kanga kiunoni. Alisema makaa hayasubiri mabishano ya wanaume, yeye ni shangazi pia, ataifanya kazi hiyo. Akaingia na wanawake wake wawili, mlango ukafungwa.

Zulaika alibaki amesimama, anamtazama mdogo wake. Alikuwa anamngoja. Yule bwana akakohoa, akaweka sawa kofia, akaagiza soda ziletwe. Hakuelewa! Mwanamume ametunza siri muda wote huo, amemfanya dada yake kilema wa uongo, na hajui kwamba kwenye moshi bibi harusi huvuliwa nguo zote na kusingwa mafuta kuanzia koo mpaka nyayo. Wanaume wetu hula harusi, hawajui inavyopikwa. Kutoka kooni mpaka chini ya matiti Sumayiya ana mshono mrefu, na katika ukoo mzima mikono iliyoupaka mafuta ni ya Zulaika tu.

Basi akasogea akamwambia sikioni. Soda ikamtoka mkononi Abdul-Latif, ikaichafua kanzu.

Alimvuta dada yake mpaka nyuma ya tangi la maji, jasho linamtiririka. Akanong'ona aingie sasa hivi, amtoe yule mwanamke kwa kisingizio chochote, aseme lolote, haraka.

"Na shahada?" Zulaika akamuuliza.

"Achana nayo hiyo, dada. Ingia tu."

Hapo ndipo damu ilipompanda Zulaika kweli. Kumbe dini yake haikuwahi kuwa shida. Muda mfupi tu uliopita alikuwa najisi hafai kumgusa mtoto aliyemuuguza, na sasa, kwa kuwa jina la bwana mkubwa linaungua, amekuwa Mwislamu safi, tena bila kutamka kitu. Mkono ulimwasha. Alitamani ampige kofi lisikike mpaka Kalerwe. Lakini ndani ya chumba kile kulikuwa na mtoto, amezungukwa na wageni, peke yake. Akamwacha na tangi lake akakimbia, hodi hakupiga.

Alichelewa. Sumayiya alikuwa amesimama kando ya makaa, kanga imeanguka miguuni, hakujifunika. Fatumah ameuelekeza mkono wake wenye mafuta kwenye mshono ule, hajaugusa. Wale wanawake wawili wameziba midomo.

"Nilipasuliwa moyo," Sumayiya alikuwa anasema, sauti inatetemeka lakini haikatiki. "Mgonjwa nilikuwa mimi. Shangazi hana mgongo mbovu wala hana masanamu. Pale kwenye picha anamsukuma bibi aliyenilisha yeye alipokuwa hajitambui. Baba alininyang'anya simu nisiseme. Kama hamnitaki, semeni sasa, nivae nguo zangu."

Kuni zilipasuka kwenye makaa. Fatumah akageuka, akamwona mlangoni, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akikawia pale kwenye mgongo ulionyooka. Alikuwa amekasirika, na hakuficha. Alisema wamedanganywa, na hilo litakuwa na siku yake. Alisema bwana harusi mwenyewe, Tamim, ana kovu la jipu ubavuni tangu utotoni mpaka leo, na hakuna aliyefichwa. Kisha akainama, akaiokota kanga, akampangusa Sumayiya machozi kwa pindo lake.

"Moyo ukitengenezwa si unafanya kazi?" akauliza.

"Unafanya," Sumayiya akajibu.

"Basi tunakuchukua." Akampa Zulaika kikombe cha mafuta. "Kazi yako hii. Mimi nilikushikia tu."

Zulaika akachovya vidole. Machozi yalikuwa yanamshuka, na hasira haijamtoka hata kidogo, vyote viwili pamoja. Akaanza kooni, akashuka na mshono polepole, kama alivyokuwa akifanya kule hospitali, na mtoto akaegemeza paji la uso begani kwake. Mwanamke mmoja akaanza kupiga ngoma kwa vidole, taratibu.

Ndipo mlango ukagongwa. Abdul-Latif, kwa nje, hathubutu kufungua. Alikuwa amemsikia binti yake, kila neno. Dirisha la chumba kile halina kioo. Akaita dada, dada, kwa sauti ya yule mtoto wa mgongoni. Akasema yamekwisha, wasameheane, shetani aliingia kati. Akasema Haji Dawudi anauliza kuna nini humo ndani, na wazee wote wanamtazama yeye, na hajui aanzie wapi.

"Nimwambie nini, dada?"

Zulaika hakuinua macho kutoka kwenye mshono.

"Mwambie ulijua."

Nje, nyayo zikaondoka kuelekea kwenye turubai. Kipaza sauti kikakohoa mara moja. Fatumah akamzuia mpiga ngoma ili wasikie. Zulaika akamkalisha Sumayiya juu ya mkeka, akamfunika blanketi mpaka shingoni, akaomba waongeze kuni.