Bangili ya Verediana

Korona ilipopanda tena milima ya Iringa, wahudumu wa kituo walianza kuondoka. Sifaeli alisema anakwenda Chunya kuangalia tumbaku yake. Wengine hawakujisumbua hata kutunga uongo, ilikuwa mguu niponye. Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema, lakini Happy, mhudumu mdogo kuliko wote, mwishowe aliachiwa nyumba nzima ya watu wenye ulemavu, na hakuna aliyeona haya.

Aliyempa hofu zaidi ni Batuli, binti asiyeona wala kusikia. Batuli alilishwa na Verediana tu, mhudumu wa mwisho aliyebaki na Happy. Alipapasa bangili ya shaba mkononi mwa Verediana, akacheka, ndipo akafungua mdomo. Mwingine akimsogezea kijiko, alikaza meno kutwa nzima.

Verediana naye alipoanza kukohoa, aliivua bangili kabla ya kupanda basi la kwenda kwao Mbeya.

"Vaa hii, mdogo wangu. Atakula."

"Dada Vere, si tutakuwa tunamdanganya?"

"Bora adanganywe kuliko afe njaa. Nikirudi utanipa."

Happy akaivaa. Batuli akapapasa, akacheka, akala. Kila mlo Happy alijiona mwizi, lakini alishukuru.

Asubuhi moja kaka yake Verediana akapiga simu kutoka kwao Mwanjelwa, Mbeya.

"Tumeshamzika, dada. Hospitali wameandika shida ya kupumua."

Happy hakupata hata pa kukaa alie. Uji ulikuwa unapoa. Akaingia kwa Batuli, akajikaza.

Batuli akapapasa bangili, akacheka. Chozi la Happy likamdondokea kidoleni. Mkono wake ukapanda polepole hadi shavuni kwa Happy, ukakaa pale penye majimaji, kisha ukashuka. Akaivua ile bangili mkononi mwa Happy, akaivaa mwenyewe. Akakaza meno.

"Kula, mama," Happy akamsihi, ilhali anajua hasikii. "Kula basi, Batuli. Na mimi imeniuma."

Chumba cha pili Kasian, asiyeweza kuinuka mwenyewe, akaita kwamba amejichafua. Akaita tena, kwa aibu. Hapakuwa na wa kumtuma. Happy akaweka bakuli chini, akaenda.

Aliporudi, uji ulikuwa umeganda. Akachota kijiko, akakigusisha kwenye midomo ya Batuli. Meno hayakufunguka. Akajaribu tena jioni, akajaribu kesho yake, na safari hii hakuwa na kitu cha kumdanganyia.