Maji ya Kisima

Miaka kumi na tisa nimeosha vifaa katika maabara ya shule moja hapa Voi, na miaka hiyo yote nimesema, bila haya, kwamba watoto wa huku chini Kemia haiwaingii. Mimi ni wa Wusi, mlimani, na mdomo wangu hauna breki.

Ngina ndiye aliyenikomesha. Mama yake anauza nyanya sokoni. Kila Jumatano msichana huyo alibaki kunisaidia kupanga chupa, maana alitaka siku moja awe na maabara yake.

Muhula wa tatu walifanya jaribio la kutafuta chumvi. Unadondosha tone la dawa. Chumvi ikiwamo, maji yanageuka meupe kama maziwa. Chupa tano za Ngina ziligeuka zote, na chumvi ilitiwa katika mbili tu. Wenzake walibahatisha majibu, yeye akaandika alichokiona. Akaanguka jaribio hilo. Kesho yake alimwomba Madam Elsie, mwalimu wao, fomu ya kuacha Kemia. Alisema sayansi haimwingii. Maneno hayo yalikuwa yangu, na yaliniuma kuyasikia kinywani mwake.

Jioni nilikuwa nikiosha chupa zile, sabuni ikakataa kutoa povu, kama inavyokataa siku zote katika maji ya chumvi ya kisima. Nikaacha kuosha. Maji safi ya maabara huisha kila muhula wa tatu, nami hujaza dumu kwa maji ya kisima bila kumwambia mtu. Nilidondosha dawa katika maji hayo matupu. Yakawa maziwa.

Jumamosi nilipanda Wusi, nikachota maji ya mvua kwa dada yangu. Jumatatu niliwaeleza Madam Elsie na Ngina kila kitu. Madam hakunigombeza, alimpa Ngina chupa tano mpya. Mbili ziligeuka, tatu zikabaki angavu. Ngina alizitazama sana, kisha akaichana fomu yake.

"Mzee Zephaniah," akauliza kwa upole, "na wale waliotutangulia, kuna aliyewaambia?"

Nilimkumbuka Sylus, aliyekuwa akinipangia chupa kama yeye kabla ya kuanguka na kuacha Kemia, na sasa anauza mitumba karibu na stendi. Nilimwendea jioni hiyo hiyo, nikamkuta akikunja suruali, nikamweleza habari ya kisima.

"Haikuwa kichwa chako, mwanangu," nikamwambia. "Yalikuwa maji yangu."

Aliikunjua ile suruali, akaanza kuikunja upya, taratibu, huku machozi yakimtoka.