Nusu Asubuhi, Nusu Jioni

Kidonge cha saba nacho kilikuwa vilevile. Kwenye skrini dawa ilionekana nyekundu na unga wa kujazia bluu. Nyekundu yote ilijazana upande mmoja, upande wa pili bluu tupu. Mama Mwanga alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akaivaa tena. Hakuna kilichobadilika.

Jina hilo alibandikwa na wenzake. Katika maabara nzima ya serikali ni yeye tu aliyeijua mashine ya Raman, ile inayomulika kidonge kwa mwanga, nukta kwa nukta, na kuonyesha kila kitu kimekaa wapi. Siku nyingine zote mashine ilifunikwa shuka, ikingoja wageni waje kupiga nayo picha. Safari hii aliifunua mwenyewe, kwa sababu binti wa dada yake, anayeishi naye, alimeza dawa ya kifafa bila kukosa, nusu asubuhi, nusu jioni, na bado alianguka. Juzi aliangukia jiko.

Mkuu wa maabara alikuja kutazama, hakuketi.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mkuu. Ila vidonge hivi vina mstari katikati. Watu wanavikata."

"Mwongozo unasemaje? Saga ishirini, changanya, pima. Umepima?"

"Nimepima."

"Dawa imo?"

"Imo, kamili. Lakini mgonjwa hasagi ishirini, mkuu. Anakata kimoja."

Mkuu alicheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kula. "Mama Mwanga, hizo rangi zako hazimo kwenye fomu. Vidonge vimeshafika zahanati zote, kilichobaki ni cheti. Usiposaini wewe atasaini mwingine, nawe unga wako utamwagika. Huyo mtoto utamlisha picha?"

Alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika maoni. Hapakuwepo. Akasaini.

Nyumbani alianza kusaga kidonge kizima kwa mgongo wa kijiko, akauchanganya vizuri unga wake na kuugawa mara mbili. Siku kumi na moja binti hakuanguka. "Mama mdogo, nimepona," alisema, na Mama Mwanga akaona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Wa kwake alikuwa salama. Wa wenzake je?

Siku ya kumi na mbili aliomba ruhusa kazini, akaenda zahanati ya mtaani. Foleni ilifika hadi mlangoni. Dirishani muuguzi alikuwa akikata vidonge kwa wembe, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa.

"Dada, samahani. Msivikate. Waambie wavisage kwanza, wachanganye, ndipo wagawe."

"Nani kasema?"

Mama Mwanga alisogea karibu na dirisha. "Dawa imekaa upande mmoja."

"Mama, usinitishie wagonjwa." Muuguzi alionyesha ukutani kwa wembe. "Zimepimwa hizo. Cheti kile pale. Ukiwa na neno, kamtafute aliyesaini."

Saini ilikuwa kubwa na ya kusomeka, muhuri ukiwa pembeni. Mama Mwanga alilisoma jina lake.

"Tupishe basi, mama," alisema mwanamke nyuma yake, mtoto mgongoni, kovu bichi la moto kwenye mkono wa mtoto.

Akampisha. Muuguzi aliweka wembe juu ya mstari, akakandamiza. Nusu mbili zikatoka sawasawa.

"Sasa hivi anywe ipi?" aliuliza yule mwanamke.

"Yoyote," alijibu muuguzi. "Zote ni sawa."