Spana ya Tatu

Wagombea wa mageuzi walikuwa sita jiji zima, na wote waliapa kwamba mpiga kura hapewi kitu, hata soda. Mwalimu ndiye aliyekiandika kiapo hicho, akakibandika jikoni kwake mahali ambapo mkewe angekiona kila asubuhi. Alikuwa na sababu. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Spana, alikuwa mmoja wa hao sita, lakini kazi yake ilikuwa ufundi bomba, na fundi bomba akisikia maji yanachuruzika hana tena habari na udiwani.

Basi siku ya kupita nyumba kwa nyumba, Mwalimu alimpekua mkoba mlangoni, akatoa spana mbili.

"Leo unaomba kura tu."

"Haya, bwana mkubwa."

Na kweli alijitahidi, maskini. Nyumba ya nne choo kilikuwa kinavuja hadi barazani. Mama Spana akameza mate, akaendelea kueleza kwa nini bajeti ya jiji isomwe hadharani. Mwalimu alimpenda saa ile kuliko siku ya harusi yao.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yake Mwalimu. Mama alikuwa ametangaza mtaani kwamba kura yake ni ya diwani wa siku zote, na akisusa yeye, nusu ya mtaa imesusa. Zamani mama na mkwe walikuwa chanda na pete. Lakini tangu kampeni ianze, miezi miwili sasa, mkwe hakuwahi kutia mguu pale.

"Karibuni, waheshimiwa," mama alisema, uso mkavu.

Jikoni, bomba la chini ya sinki lilikuwa likidondosha maji kwenye ndoo.

"Limeanza lini hili, mama?" Mama Spana aliuliza.

"Jana. Lakini nyinyi si hamtoi kitu?"

"Ndiyo, mama," Mwalimu akawahi. "Tutakutafutia fundi mwingine."

"Fundi mwingine!" Mama akageukia dirisha.

Mama Spana akainama, akachomoa spana ya tatu soksini. Mwalimu akanyoosha mkono aichukue.

"Kwingine kote mimi ni mgombea," mkewe alimwambia. "Hapa ni mkwe. Shika tochi."

Akapiga magoti chini ya sinki, akaishika nati, kisha akatulia. Mwalimu naye aliona. Miaka kumi na mitano na fundi si bure. Nati ilikuwa na mikwaruzo mipya, ya kisu cha mezani. Bomba halikuharibika. Lilikuwa limelegezwa, na mkono usiozoea kazi hiyo.

Mama Spana akaitia spana kwenye nati. Akakaza, akafuta maji, akanyanyuka.

"Limepona, mama. Ila kila Jumapili nitakuja kuliangalia."

"Hata ukiwa diwani?" mama aliuliza. "Wakishakuwa wakubwa huwa hawarudi."

"Hata nikiwa diwani."

Akaiweka spana mezani, mbele ya mama mkwe wake.

"Nakuachia hii. Kisu kitakukata vidole."

Mama aliitazama ile spana. Kisha akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mwalimu alikikumbuka kiapo chake, akazima tochi.

"Haya," mama alisema, akimvutia mkwe wake kiti. "Niambie hayo mambo ya bajeti. Na usiruke hata neno."