Babu Yake Kanopi

Nimewafundisha watoto wa watu Kiingereza kwa miaka thelathini, nao wakanielewa. Walionishinda ni binti zangu wawili. Wanawake wazima, wanashona chumba kimoja, na wakianza kununiana utadhani wake wenza.

Mkubwa anashona kanopi, yale mapaa ya kitambaa ya sherehe. Mdogo anashona vyandarua. Kitambaa cha kanopi ni kirefu, hakikatiki na mtu mmoja, kwa hiyo miaka yote mmoja akishika mkasi, mwenzake hushika ncha.

Balaa lilianza na kibao kipya cha mlangoni. Mkubwa aliagiza kiandikwe kanopi tu. Alisema wateja wa heshima wakisoma habari za mbu watapitiliza. Kesho yake nikamkuta mdogo anafungasha cherehani yake, macho mekundu, amepata chumba mtaa wa pili. Iliniuma. Nilijua akitoka mlango ule hawatapatana tena mpaka kwenye mazishi yangu, na mimi sina haraka ya kufa.

Nikaleta kamusi yangu kubwa, ile inayoeleza asili ya maneno, nikawasomea kwa sauti ya darasani. Kanopi, nikawaambia, ni neno lenye ukoo. Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, na Kilatini kililitoa kwa Wagiriki wa kale. Kwao lilikuwa kitanda chenye pazia la kuzuia mbu, na lilizaliwa na jina lao la mbu mwenyewe.

Mkubwa akaninyang'anya kamusi, akasoma mara mbili, kidole juu ya mstari.

"Kwa hiyo miaka yote hii nashona chandarua?"

"Chandarua kilichopanda cheo," nikamjibu. "Mjukuu anayemwonea haya babu yake."

Mdogo alikuwa ametupa kisogo, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko. Mkubwa hakuomba radhi. Huyo radhi haimtoki hata umkamue. Alitandaza kitambaa mezani, akachukua mkasi, akasimama bila kukata.

"Mdogo wangu," akasema, "nani atanishikia?"

Cherehani ikabaki nusu ndani ya gunia. Mdogo akaja, akashika ncha.

Kibao kinaandikwa upya. Mkubwa mwenyewe ndiye aliyesema vyandarua vitangulie, maana babu hatajwi nyuma ya mjukuu.